Namba Kubwa Mbele Yako: Jinsi ya Kuivunja na Kuzijua Tabia Zake Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale. "Nina namba yenye tarakimu saba, nitajuaje kama ni tasa?" "Mimi nimepata vigawo 48, mwenzangu kapata 96, nani yuko sahihi?" "Kikokotoo kinasema inagawanyika, karatasi inakataa." Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, na kila mara najikuta naanzia palepale. Basi leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapopewa namba nisiyoijua.

Shika jambo moja kabla ya yote. Karibu kila unachotaka kujua kuhusu namba nzima, yaani ina vigawo vingapi, jumla ya vigawo hivyo ni ngapi, ni kipeo cha pili au la, inashirikiana nini na namba nyingine, kimo ndani ya vigawo vyake tasa. Ukiivunja namba vizuri, yaliyobaki ni kuzidisha na kujumlisha. Ukiivunja vibaya, hakuna kanuni itakayokuokoa huko mbele. Ndiyo maana nusu nzima ya mwongozo huu ni kuvunja tu.

Tutatumia namba moja mwanzo hadi mwisho: 8,390,844. Haina umaarufu wowote. Nimeichagua kwa sababu imebeba mitego kadhaa ambayo anayeanza huiangukia.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba, ili kila tarakimu ikae chumbani mwake. Makosa mengi ninayoonyeshwa si ya hesabu, ni ya tarakimu iliyoteleza safu.
- Penseli na kifutio.
- Kikokotoo kinachoonyesha tarakimu 10 au zaidi.
- Orodha ya namba tasa zilizo chini ya 100. Ziko 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97. Ziandike nyuma ya daftari.

Angalia kwamba 1 haimo. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, yaani 1 na yenyewe. 1 ina kigawo kimoja tu. Ukiiingiza 1 kwenye orodha, hesabu ya vigawo huko mbele itavurugika.

## Hatua za kuivunja namba

1. Iandike upya kwa mafungu ya tarakimu tatu, kuanzia kulia.

8 | 390 | 844. Isome kwa sauti: milioni nane, laki tatu na elfu tisini, mia nane arobaini na nne. Linganisha na namba uliyopewa, tarakimu kwa tarakimu. Usiruke hatua hii. Niliwahi kutumia jioni nzima kutafuta vigawo vya namba ambayo nilikuwa nimeinakili kwa kubadilishana nafasi za 4 na 8. Hesabu zote zilikuwa sahihi, namba ndiyo haikuwa yenyewe.

2. Tazama tarakimu za mwisho.

Tarakimu ya mwisho ni 4, kwa hiyo namba ni shufwa na inagawanyika kwa 2. Tarakimu mbili za mwisho ni 44, na 44 inagawanyika kwa 4, basi namba nzima nayo inagawanyika kwa 4. Tarakimu tatu za mwisho ni 844. 844 ÷ 8 inaacha baki la 4, basi 8 imekataa. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 haimo.

Tayari unajua kwamba 2 inaingia mara mbili tu.

3. Jumlisha tarakimu zote.

8 + 3 + 9 + 0 + 8 + 4 + 4 = 36. Thelathini na sita inagawanyika kwa 3 na kwa 9, basi namba yetu inagawanyika kwa 3 na kwa 9.

*Onyo.* Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanasema: "36 haigawanyiki kwa 27, kwa hiyo namba haigawanyiki kwa 27." Siyo. Kanuni ya kujumlisha tarakimu inafanya kazi kwa 3 na 9 peke yake, na inaishia hapo. Namba yetu inagawanyika kwa 27, kama utakavyoona sasa hivi.

*Onyo la pili.* Namba inagawanyika kwa 4, na inagawanyika kwa 6 (ni shufwa, na 3 inaingia). Je, inagawanyika kwa 24? Hapana, kwa sababu 8 imeshakataa. Kuzidisha vigawo viwili kunaruhusiwa pale tu ambapo havina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Nne na tatu zinakupa 12 bila wasiwasi. Nne na sita zote zina 2 ndani yake, kwa hiyo 24 haipatikani kwa njia hiyo.

4. Tumia mafungu ya tarakimu tatu.

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inasikitisha kwamba shuleni haifundishwi sana. Chukua yale mafungu ya hatua ya 1 na ufanye mambo mawili.

Kwanza, anzia kulia, toa na kujumlisha kwa kupokezana:

844 − 390 + 8 = 462

Sasa badala ya kuhangaika na namba ya mamilioni, pima 462. Inagawanyika kwa 7 (462 = 7 × 66). Inagawanyika kwa 11 (462 = 11 × 42). Kwa 13 inaacha baki la 7. Majibu hayo matatu ndiyo majibu ya namba nzima: 7 imo, 11 imo, 13 haimo. Siri yake ni kwamba 1,001 = 7 × 11 × 13, basi kila elfu moja inabeba upungufu wa 1 mbele ya namba hizo tatu. Ukipata jawabu hasi, ondoa alama ya kutoa kisha upime; ukipata 0, zote tatu zimo.

Pili, jumlisha mafungu yaleyale:

844 + 390 + 8 = 1,242

Hii inapima 27 na 37, kwa kuwa 999 = 27 × 37. Tunaona 1,242 = 27 × 46, basi 27 imo. Kwa 37 inabaki 21, basi 37 haimo.

Kwa mistari miwili umepima 7, 11, 13, 27 na 37. Kuna kanuni nyingine za kukariri kwa ajili ya 17, 19, 23 na kadhalika. Sizipendekezi. Zinachosha kuliko kugawanya kwenyewe, na ukizichanganya hujui umekosea wapi.

5. Gawanya ngazi kwa ngazi, na uandike kila jawabu.

Hatua za 2 hadi 4 zimekuonyesha pa kugonga. Sasa gonga. Anza na kigawo kidogo kabisa, usikiache mpaka kikatae:

8,390,844 ÷ 2 = 4,195,422
4,195,422 ÷ 2 = 2,097,711
2,097,711 ÷ 3 = 699,237
699,237 ÷ 3 = 233,079
233,079 ÷ 3 = 77,693

Simama hapo ujumlishe tarakimu za 77,693: inatoka 32. Tatu imekwisha. Endelea:

77,693 ÷ 7 = 11,099
11,099 ÷ 11 = 1,009

*Onyo.* Baada ya kugawanya kwa 7, jaribu 7 tena kabla hujaiacha. Hapa 11,099 ÷ 7 inaacha baki la 4, kwa hiyo 7 iliingia mara moja tu. Lakini hukujua hilo mpaka ulipojaribu. Kusahau kurudia kigawo kilekile ndiyo sababu kubwa ya watu wawili kupata idadi tofauti za vigawo kwa namba moja.

6. Jua pa kusimama.

Tumebaki na 1,009. Je, ni tasa? Huna haja ya kujaribu kila namba mpaka 1,008. Jaribu namba tasa ambazo kipeo chake cha pili hakizidi 1,009. Kwa kuwa 31² = 961 na 37² = 1,369, mwisho wako ni 31. Sababu ni nyepesi: kama 1,009 ingekuwa zao la namba mbili, mojawapo isingeweza kuzidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kidogo kuliko 32.

Namba 2, 3, 5 na 7 zimeshakataa huko juu. Zilizobaki:

- 11: inabaki 8
- 13: inabaki 8
- 17: inabaki 6
- 19: inabaki 2
- 23: inabaki 20
- 29: inabaki 23
- 31: inabaki 17

Zote zimekataa, basi 1,009 ni tasa.

Angalia kilichotokea hapa. Kipeuo cha pili cha 8,390,844 kiko kati ya 2,896 na 2,897. Anayeanza akiliona hilo anakata tamaa, anadhani atajaribu namba tasa zote mpaka karibu 2,900. Lakini kila kigawo unachokiondoa kinakupunguzia safari. Pima mwisho wako upya baada ya *kila* mgao, kwa kutumia namba iliyobaki, siyo ile ya mwanzo.

7. Andika kwa vipeo, kisha urudishe.

8,390,844 = 2² × 3³ × 7 × 11 × 1,009

Sasa zidisha kurudi nyuma: 4 × 27 = 108; 108 × 7 = 756; 756 × 11 = 8,316; 8,316 × 1,009 = 8,390,844. Imerudi. Usiende hatua ya 8 kama haijarudi.

## Hatua za kusoma tabia zake

8. Hesabu vigawo.

Chukua kila kipeo, ongeza 1, kisha zidisha. Vipeo vyetu ni 2, 3, 1, 1, 1:

3 × 4 × 2 × 2 × 2 = 96

Namba ina vigawo 96, ukihesabu 1 na yenyewe. Kigawo kisichoandikwa kipeo kina kipeo cha 1, si cha 0. Anayekisahau mojawapo anapata 48.

Vigawo vinakwenda wawiliwawili, jozi 48, na kila jozi zao lake ni 8,390,844. Jozi ya nje kabisa ni 1 na namba yenyewe. Jozi ya ndani kabisa, inayokikaribia kipeuo cha pili kutoka pande zote mbili, ni 2,772 × 3,027. Ukitaka kuipata mwenyewe, anza na 1,009 kwa kuwa ndiyo kubwa: 1,009 × 2 ni 2,018, iko mbali; 1,009 × 3 ni 3,027, na mwenzake ni 8,316 ÷ 3 = 2,772.

9. Jumlisha vigawo bila kuviorodhesha.

Kwa kila kigawo tasa, jumlisha vipeo vyake kuanzia 1:

- 2: 1 + 2 + 4 = 7
- 3: 1 + 3 + 9 + 27 = 40
- 7: 1 + 7 = 8
- 11: 1 + 11 = 12
- 1,009: 1 + 1,009 = 1,010

Zidisha: 7 × 40 × 8 × 12 × 1,010 = 27,148,800. Hiyo ndiyo jumla ya vigawo vyote 96.

Ondoa namba yenyewe: 27,148,800 − 8,390,844 = 18,757,956. Jumla ya vigawo vilivyo chini ya namba yetu inaizidi zaidi ya mara mbili. Namba ambayo jumla hiyo inalingana nayo barabara huitwa timilifu, kama 6 (1 + 2 + 3) na 28 (1 + 2 + 4 + 7 + 14). Zinazofuata ni 496, 8,128, kisha 33,550,336. Ni adimu kiasi hicho.

*Onyo.* Unapopima utimilifu, lazima uiondoe namba yenyewe kwanza. Mara nyingi mtu huja na furaha kwamba amepata namba timilifu mpya, kumbe alijumlisha nusu ya vigawo, au hakuondoa.

10. Pima kama ni kipeo cha pili au cha tatu.

Tazama vipeo tu. Vikiwa vyote shufwa, namba ni kipeo cha pili cha namba nzima. Vikigawanyika vyote kwa 3, ni kipeo cha tatu. Vyetu ni 2, 3, 1, 1, 1, kwa hiyo si hiki wala kile. Uhakika mwingine: 2,896² = 8,386,816 na 2,897² = 8,392,609, nayo imekaa katikati.

Ukiulizwa izidishwe kwa namba gani ndogo kabisa ili iwe kipeo cha pili, jaza vile vipeo witiri: 3 × 7 × 11 × 1,009 = 233,079. Utakumbuka umeshaiona kwenye ngazi ya hatua ya 5. Si bahati. Wakati ule tulikuwa tumeondoa 2 × 2 × 3 × 3, yaani 36, ambayo ndiyo kipeo cha pili kikubwa kuliko vyote kilichomo ndani ya namba yetu.

11. Hesabu namba zisizoshirikiana nayo.

Ni namba ngapi kati ya 1 na 8,390,844 ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Kwa kila kigawo tasa, chukua kipeo chake kamili na uondoe kipeo cha chini yake kwa hatua moja: 4 − 2 = 2; 27 − 9 = 18; 7 − 1 = 6; 11 − 1 = 10; 1,009 − 1 = 1,008. Zidisha: 2 × 18 × 6 × 10 × 1,008 = 2,177,280. Kama husomi hesabu za usimbaji, unaweza kuiruka hatua hii bila hasara.

12. Ilinganishe na namba nyingine.

Tuseme umepewa 360,360 na unatakiwa kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (K.K.S.). Njia ya kuvunja zote mbili ipo, lakini namba zikiwa kubwa mimi natumia njia ya Euclid, ambayo haihitaji kuvunja chochote. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya tena:

8,390,844 = 23 × 360,360 + 102,564
360,360 = 3 × 102,564 + 52,668
102,564 = 1 × 52,668 + 49,896
52,668 = 1 × 49,896 + 2,772
49,896 = 18 × 2,772 + 0

Baki la mwisho kabla ya 0 ndilo jawabu: 2,772. Mistari mitano. Ukitaka na Kigawe Kidogo cha Shirika (K.D.S.), gawanya mojawapo kwa K.K.S. kisha zidisha na nyingine: 360,360 ÷ 2,772 = 130, na 130 × 8,390,844 = 1,090,809,720.

*Onyo.* Usizidishe namba mbili kubwa kwanza halafu ndipo ugawanye. Zao litazidi nafasi za kikokotoo na tarakimu za mwisho zitapotea kimya kimya.

13. Iandike kwa 0 na 1, ukitaka.

Toa vipeo vya 2 kuanzia kikubwa. Kipeo 2²³ ni 8,388,608, kinabaki 2,236. Hiyo ni 2,048 + 128 + 32 + 16 + 8 + 4. Kwa hiyo:

1000 0000 0000 1000 1011 1100

Sifuri mbili za mwisho zinakuambia 2 inaingia mara mbili, jambo ulilolijua tangu hatua ya 2. Kama hazilingani, kuna kosa upande mmoja.

## Namba ikiwa kubwa mno kwa karatasi

Hatua zote hizi zinakwenda vizuri mpaka kwenye mamilioni, hata mabilioni ukiwa na kompyuta. Zaidi ya hapo, tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya: *je, namba hii ni tasa?* na *vigawo vyake ni vipi?* La kwanza ni rahisi zaidi kuliko la pili, kwa mbali sana.

Kwa swali la kwanza kuna kipimo cha Fermat. Chukua namba witiri *n*, pandisha 2 kwa kipeo cha *n* − 1, gawanya kwa *n*. Baki lisipokuwa 1, namba hakika si tasa, hata kama huna kigawo chake hata kimoja. Tuione kwa 91, ambayo wengi huidhania tasa. Tunahitaji 2⁹⁰. Kwanza 2⁶ = 64. Kisha 2¹² = 4,096 = 45 × 91 + 1, baki ni 1. Kwa hiyo 2⁸⁴ nayo inaacha 1, na 2⁹⁰ inaacha 64. Siyo 1, basi 91 si tasa. Kweli, ni 7 × 13. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kazi hiyo ni mstari mmoja: `pow(2, 90, 91)`.

*Onyo kubwa.* Baki likiwa 1, usitangaze kwamba namba ni tasa. Namba 341 inapita kipimo hiki, na ni 11 × 31. Namba 561, yaani 3 × 11 × 17, inapita kwa 2 na kwa kila namba nyingine isiyoshirikiana nayo kigawo. Baki la 1 maana yake ni "huenda", basi.

Ili uone umbali kati ya maswali hayo mawili: mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutoa kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Miaka 27 katikati. Na hata leo, namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ilivunjwa mwaka 2020 kwa nguvu kubwa ya kompyuta nyingi pamoja, ilhali tunazijua namba tasa zenye tarakimu mamilioni. Kwa hiyo ukipewa namba ya tarakimu mia mbili iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, usijilaumu ukishindwa kuivunja. Imetengenezwa isivunjike.

## Mambo yakikwama

Zao halirudi kwenye namba ya mwanzo. Tafuta tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajia. Ikigawanyika kwa 9, kuna uwezekano mkubwa umebadilishana nafasi za tarakimu mahali fulani. Rudi kwenye ngazi na ulinganishe mistari miwili miwili.

Kikokotoo kinatoa desimali ndefu. Basi haigawanyiki. Usikadirie. Ukitaka baki, chukua sehemu nzima ya jawabu, zidisha na kigawo, toa kwenye namba. Mfano 1,009 ÷ 13 inatoa 77.6 na kuendelea; 77 × 13 = 1,001; baki ni 8.

Jawabu lina herufi E, au linaishia na sifuri za ajabu. Namba imezidi uwezo wa chombo. Programu za majedwali hushika tarakimu 15 tu na kuweka 0 baada yake, bila kukuonya. Namba za desimali za kompyuta huanza kuruka namba nzima baada ya 9,007,199,254,740,992, yaani 2⁵³. Hapo tumia Python kwa namba nzima, na ugawanye kwa `//` (sehemu nzima ya jawabu) na `%` (baki), siyo kwa `/`.

Idadi ya vigawo imetoka witiri. Hilo linawezekana kwa namba zilizo vipeo vya pili tu, maana hapo kipeuo ni jozi ya yenyewe. Kama yako si kipeo cha pili, umesahau kuongeza 1 kwenye kipeo kimojawapo.

Orodha ya namba tasa imeisha na mabaki bado makubwa. Usiseme "ni tasa" kwa sababu orodha imekwisha. Chukua 10,403: namba zote 25 za orodha zinakataa. Lakini kipeuo chake cha pili kinakaribia 102, na 101 iko chini ya hapo. Jaribu hivi: panda kwenye namba nzima inayofuata kipeuo, hapa 102. Kipeo chake cha pili ni 10,404. Ondoa 10,403, inabaki 1, ambayo nayo ni kipeo cha pili. Basi vigawo ni 102 − 1 na 102 + 1, yaani 101 × 103. Njia hii inafaa sana pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali itakuchelewesha.

Umejaribu namba nyingi na hakuna kinachoingia. Angalia kama mwisho wako ni sahihi, kisha endelea. Jipime kwa 1,234,567. Itazikataa namba tasa zote mpaka 113, jumla 30, na ya thelathini na moja itakubali: 127 × 9,721. Hapo 9,721 huna haja ya kuipima tena. Iko chini ya 127², ambayo ni 16,129, na kila namba tasa iliyo ndogo kuliko 127 imeshakataa.